Sura ya Nane: Kiyoyozi cha Mwenye Nyumba, Mfuko wa Mpangaji

Katika mikataba mingi ya kupanga nyumba inayoandikwa Dar es Salaam, kiyoyozi hutajwa mara mbili tu: mara ya kwanza katika orodha ya vitu vilivyomo ndani ya nyumba, baina ya mapazia na jiko la gesi, na mara ya pili katika kifungu kinachomtaka mpangaji airudishe nyumba na vilivyomo katika hali aliyovikuta. Baina ya mahali hapo pawili hakuna neno lolote kuhusu nani atamwita fundi, baada ya muda gani, na kwa fedha za nani, ingawa mashine hiyo huwa na bei kubwa kuliko karibu kila kitu kingine kilichoachwa chumbani, na huharibika kwa kutumiwa na vilevile kwa kutotunzwa. Ukimya huo hausumbui mtu mwezi wa Julai, wakati kusi inapovuma na madirisha yanapotosha kuupoza usiku. Husumbua Januari na Februari, katika msimu wa kaskazi, joto la mchana linapopita nyuzi 31 za Selsiasi na unyevu wa bahari ukabaki hewani hadi alfajiri, kiyoyozi kikaanza kudondosha maji juu ya kitanda, na mwenye nyumba na mpangaji wakagundua kwamba kila mmoja wao alikuwa akidhani kazi ni ya mwenzake.

Madai ya sura hii ni kwamba mgawanyo wa gharama hizo umo ndani ya mashine yenyewe kabla haujaingia katika karatasi ya mkataba. Kinachochafuka kwa sababu kuna watu wanaoishi chumbani ni cha mpangaji. Kinachochakaa, kinacholika kwa kutu au kinachovuja kwa sababu mashine ina umri wake, au kwa sababu ilifungwa vibaya, ni cha mwenye nyumba. Mpaka huo hauonekani waziwazi kila mara, na ugomvi mwingi huzaliwa pale kasoro ya upande mmoja inapojificha nyuma ya kasoro ya upande wa pili. Lakini upo, na sheria za mahali mbalimbali zimeufikia, kila moja kwa njia yake, nyingine kabla hata ya viyoyozi kuingia majumbani.

Kinachochafuka na kinachochakaa

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Ndani ya mabomba yake ya shaba huzunguka kipozi, yaani kemikali inayochemka kwa wepesi hata katika baridi, ambayo mafundi huiita gesi kwa mkato. Katika sehemu ya ndani ya mashine, ile inayotundikwa ukutani juu ya dirisha au mlango, kipozi huwa na shinikizo dogo, kwa hiyo huchemka na kugeuka mvuke, na katika kuchemka huko hufyonza joto la chumba; kompresa iliyo katika sehemu ya nje huukandamiza mvuke huo hadi ukawa na joto kuliko hewa ya nje; kisha mvuke hupita katika kondensa, yaani mabomba yaliyozungukwa na mapezi membamba ya alumini, hulitoa joto lake, hurudi kuwa majimaji, na hupitishwa katika mrija mwembamba unaolishusha shinikizo ili safari ianze upya. Uwezo wa mashine hupimwa kwa BTU, ambacho ni kipimo cha Kiingereza cha joto, na mashine ya BTU 12,000 kwa saa, inayofungwa katika vyumba vingi vya kulala vya mjini, huitwa pia ya tani moja, kwa kuwa kiasi hicho cha joto kwa saa 24 kingetosha kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu.

Kazi ya pili ya kiyoyozi, ambayo katika miji ya pwani ni nzito kama ile ya kwanza, ni kukausha hewa. Willis Carrier, mhandisi wa Marekani aliyebuni mtambo unaohesabiwa kuwa kiyoyozi cha kwanza cha kisasa mwaka 1902, hakuwa akitafuta usingizi mzuri wa mtu yeyote: alitakiwa kutatua tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako unyevu wa kiangazi uliifanya karatasi itanuke na kusinyaa hata rangi zisilingane. Kanuni aliyoitumia ndiyo inayofanya kazi Upanga ya Dar es Salaam na Nyali ya Mombasa leo. Hewa yenye unyevu inapogusa mabomba ya baridi huacha maji yake hapo, maji hayo hudondokea katika kijaluba kilicho chini, na hutoka nje kwa mpira mwembamba. Chumba cha pwani huweza kutoa lita kadhaa za maji kwa usiku mmoja, na maji hayo, yakichanganyika na vumbi, nywele, nyuzi za nguo na ukungu, hugeuka utelezi unaouziba mpira huo. Hapo ndipo maji hurudi nyuma na kuanza kuteremka ukutani.

Kwa kuufuata mzunguko huo mtu anaweza kuzitenga kazi za fundi. Kazi ya kwanza ni ya usafi mwepesi: kuchomoa filta, yaani chujio la plastiki lililo mbele ya mabomba ya ndani, kuliosha kwa maji ya bomba, kulikausha kivulini na kulirudisha. Haihitaji fundi wala bisibisi, na katika nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inafaa ifanywe kila baada ya wiki mbili. Kazi ya pili ni ya usafi mzito, ambayo ndiyo watu wengi huikusudia wanaposema wamefanya sevisi: kuyaosha mabomba ya ndani na feni yake kwa maji ya mgandamizo, kuuzibua mpira wa maji, na kuosha kondensa ya nje, ambayo katika nyumba za Masaki, Mbezi Beach au Kizingo hukusanya chumvi inayopeperushwa na upepo wa bahari. Kazi ya tatu ni ya ukarabati, yaani kubadilisha kapasita, mota ya feni, bodi ya saketi au kompresa. Kazi ya nne ni ile ya gesi, na kwa kuwa ndiyo inayotumiwa zaidi kumtoza mtu asiyehusika, itazungumziwa peke yake baadaye.

Sheria ilivyoufikia mpaka

Katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, Kenya na Tanzania zikiwemo, kipimo cha zamani cha wajibu wa mpangaji ni kwamba aitumie nyumba kama mpangaji anavyopaswa. Maelezo yaliyo mashuhuri zaidi ya kipimo hicho yalitolewa na Jaji Denning katika shauri la Warren dhidi ya Keen, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1953. Mpangaji, kwa mujibu wa hukumu hiyo, anapaswa kufanya vile vijikazi vidogo ambavyo mtu mwenye busara angevifanya nyumbani, kama vile kusafisha dohani inapohitajika, kutengeneza taa fyuzi inapokatika na kuzibua sinki lililoziba kwa taka zake, na tena hapaswi kuiharibu nyumba kwa makusudi au kwa uzembe. Lakini nyumba ikichakaa kwa umri na kwa matumizi ya kawaida, hilo si deni lake. Dohani ni jambo la nchi ya baridi. Hata hivyo, mtu akisoma kwa macho ya pwani, ni vigumu kuona tofauti kati ya masizi yanayojikusanya katika dohani na vumbi linalojikusanya katika filta: vyote viwili ni mabaki ya kuishi kwa mtu mahali fulani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara na Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 zinakwenda njia hiyohiyo, kwa kuingiza ndani ya mikataba ya pango masharti ambayo wahusika hawakuyaandika. Mwenye nyumba hubebeshwa wajibu wa kuiweka nyumba ya kuishi katika hali inayomfaa binadamu, naye mpangaji hubebeshwa wajibu wa kuirudisha kama alivyoipokea, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida, yaani ule unaokuja wenyewe hata nyumba ikitumiwa kwa uangalifu. Pana kikwazo hapa ambacho wapangaji hukisahau. Nyumba isiyo na kiyoyozi haiwezi kwa urahisi kuitwa nyumba isiyofaa kukaliwa, maana watu wa pwani waliishi karne nyingi katika nyumba za kuta nene za mawe na chokaa, zenye ua wa ndani na dari za juu, na majengo mengi ya ghorofa ya miaka ya 1950 na 1960 yaliachiwa vibaraza na matundu ya hewa kwa makusudi. Kwa hiyo hoja iliyo imara zaidi ya mpangaji haitokani na hali ya kufaa kukaliwa. Inatokana na ukweli kwamba kiyoyozi kilioneshwa alipoletwa na dalali, kikaandikwa katika orodha, na kikaongezewa thamani yake ndani ya kodi. Aliyelipia chumba chenye kiyoyozi amelipia ubaridi, wala hakulipia sanduku la plastiki lililotundikwa ukutani.

Fiqhi ya Kiislamu, ambayo kwa wakazi wengi wa pwani na wa Oman ina uzito katika mapatano ya kila siku hata pale mahakama haiitumii, imelieleza jambo hilo kwa uwazi kuliko sheria nyingi za bunge. Katika ijara, yaani mkataba wa kukodisha, kinachouzwa ni manfaa ya kitu kwa muda fulani huku kitu chenyewe kikibaki katika milki ya mwenyewe. Kutokana na hapo, matengenezo makubwa ambayo bila hayo manfaa hayapatikani ni ya mmiliki, na matunzo madogo yanayofuatana na matumizi ya kila siku yanaweza kuwekwa kwa mkodi. Mkodi hudaiwa uharibifu pale tu alipovuka mpaka au alipozembea.

Dubai, ambako kiyoyozi ni sharti la kuishi na ambako wamo Waswahili wengi waliohamia kwa kazi na biashara, kifungu cha 16 cha sheria ya upangaji Na. 26 ya mwaka 2007 kinamtwika mwenye nyumba matengenezo na kila kasoro inayomzuia mpangaji kuitumia nyumba, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Maneno hayo ya mwisho yamefungua mlango mpana, kwa kuwa mikataba mingi huko huweka kiwango cha fedha, mara nyingi dirhamu 500 au zaidi, ambacho chini yake gharama ni ya mpangaji na juu yake ni ya mwenye nyumba. Singapore imechukua njia nyingine: desturi ya mikataba yake ni kumtaka mpangaji amwite fundi kila baada ya miezi mitatu kwa fedha zake na atunze stakabadhi. Njia ya Dubai ni rahisi kuitekeleza lakini ina dosari ya kimsingi, kwani hutazama ukubwa wa bili bila kuuliza chanzo chake; kapasita iliyokufa kwa uzee ni ya bei ndogo, na kwa hiyo humwangukia mpangaji aliyehamia wiki iliyotangulia. Njia ya Singapore inategemea mikataba ya mwaka mmoja au miwili, mafundi wanaotoa stakabadhi, na mpangaji anayejua kwamba amana yake itakatwa asipozionesha.

Anayelipa umeme na anayemiliki mashine

Mtu akiuliza kwa nini viyoyozi vingi vya nyumba za kupanga havitunzwi, jibu la haraka ni kwamba watu ni wabahili, lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu hata watu wasio wabahili huviacha vichafuke. Sababu iliyo karibu na ukweli ni kwamba faida ya matunzo imegawanyika kati ya watu wawili ambao hawakai pamoja. Mpangaji ndiye anayenunua umeme wa LUKU, yaani ule unaolipiwa kabla ya kutumiwa, kwa hiyo hasara ya kiyoyozi kichafu humwangukia yeye. Mwenye nyumba ndiye anayemiliki mashine, kwa hiyo hasara ya kompresa kufa mapema ni yake. Wanauchumi huiita hali hii mgawanyiko wa vichocheo, yaani pale ambapo anayeweza kuchukua hatua siye anayepata faida yote ya hatua hiyo.

Hesabu ndogo inaonesha jinsi vichocheo hivyo vilivyo hafifu kwa kila upande. Kiyoyozi cha BTU 12,000 cha aina ya kawaida, ambacho kompresa yake huwaka na kuzima, hutumia takriban kilowati moja kompresa inapokuwa imewaka. Ikiwaka jumla ya saa sita kwa usiku, hutumia takriban uniti sita, yaani kilowati-saa sita. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyowekwa kwa watumiaji wa daraja la T1, yaani la matumizi ya kawaida, mwaka 2016, usiku thelathini hugharimu shilingi 52,560 kabla ya kodi na tozo. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kubadilisha filta iliyoziba kwa filta safi hupunguza matumizi ya kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15, ambazo katika mfano huu ni shilingi 2,600 hadi 7,900 kwa mwezi. Kiasi hicho kinatosha kabisa kumlipa mtu dakika kumi za kuosha filta, lakini hakitoshi kumshawishi mpangaji wa miezi sita agharimie usafi mzito wa mashine inayoweza kudumu miaka kumi hadi kumi na mitano, ambayo matunda yake yatachumwa na mpangaji wa tatu au wa nne baada yake. Mwenye nyumba naye haoni bili ya umeme, wala hasikii sauti ya feni inayokwaruza usiku.

Ni kawaida ya gharama zisizo na mwenyewe kumwangukia yule aliye karibu na mita. Kodi ya jengo, ambayo ni deni la mmiliki, ilipoanza kukusanywa kupitia LUKU mwezi Agosti 2021 kwa kiwango cha shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ilianza kukatwa kwa yeyote aliyenunua umeme, na wapangaji wakaambiwa wamalizane na wenye nyumba wao. Wengi hawajamalizana hadi leo, kwa kuwa kiasi ni kidogo mno kugombea. Sevisi ya kiyoyozi iko katika hali hiyohiyo, kwa tofauti moja: kodi ya jengo isiyorudishwa haimharibii mtu kitu, ilhali sevisi isiyofanywa huzaa bili kubwa kuliko yenyewe.

Kwa mantiki hiyo, msimamo unaotetewa hapa ni kwamba usafi mzito, ingawa kwa mpaka uliotajwa mwanzoni ungekuwa wa mpangaji, ugharimiwe na mwenye nyumba, tena kwa fundi mmoja anayemchagua mwenyewe, hata ikimlazimu kuiongeza gharama hiyo ndani ya kodi. Mpangaji atakuwa amelipa kwa namna yoyote. Lakini fedha ikipitia kwa mmiliki wa mashine, historia ya mashine hubaki mahali pamoja, fundi huijua kasoro ya mwaka uliopita, na hakuna mwenye sababu ya kuahirisha mpaka amuachie mwingine. Mwenye nyumba anayepinga kwa kusema kwamba wapangaji hutumia viyoyozi usiku na mchana kwa fujo anasahau kwamba kuitumia mashine aliyoipangisha ndiko kulikonunuliwa.

Gesi inayodaiwa kuisha

Pale mpangaji anapolalamika kuwa chumba hakipoi, jibu linalosikika mara nyingi kutoka kwa fundi ni kwamba gesi imeisha na inatakiwa kuongezwa. Kauli hiyo huchukuliwa kama jambo la kawaida la matumizi, na kwa sababu hiyo bili yake hupelekwa kwa mtumiaji. Kipozi si mafuta ya taa yanayoungua katika utambi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote, na mashine iliyofungwa vizuri huweza kufikia mwisho wa maisha yake ikiwa na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Gesi ikipungua, basi pana tundu: nati ya kiungo haikukazwa sawasawa siku mashine ilipofungwa, au bomba limesuguana na tofali kwa mtikisiko, au chumvi ya bahari imeyala mapezi na shaba ya kondensa. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayotokana na mpangaji kulala chumbani. Mpangaji anayelipia gesi kila Desemba, kwa hiyo, anagharimia tundu katika mali ya mtu mwingine, na analigharimia kwa namna isiyoliziba.

Ugumu uko katika utambuzi. Mashine yenye gesi pungufu huota barafu kwenye mabomba yake ya ndani, kwa kuwa shinikizo likishuka mno, joto la mabomba nalo huteremka chini ya nyuzi sifuri. Lakini mashine yenye filta iliyoziba huota barafu vilevile, kwa kuwa hewa ya chumba haipiti ya kutosha kuyapasha mabomba hayo. Dalili moja ina vyanzo viwili, na kila chanzo kina mlipaji wake. Fundi anayeunganisha geji, yaani saa ya kupimia shinikizo, kabla ya kuosha mashine, ataona shinikizo dogo katika hali zote mbili na ataongeza gesi katika hali zote mbili. Baadaye filta ikisafishwa, gesi huwa imezidi na kompresa hubeba mzigo usio wake. Utaratibu ulio salama ni kuanza kwa usafi, ambao una gharama ndogo, kisha kupima. Kama barafu imekoma, tatizo lilikuwa la filta. Kama imerudi, fundi anapaswa kulitafuta tundu kwa naitrojeni na povu la sabuni, kuliziba, kuvuta hewa na unyevu wote kwa pampu, na ndipo aingize gesi kwa kuipima kwenye mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine.

Aina ya gesi nayo imeanza kuingia katika hesabu za pango, japokuwa wapangaji wachache wanalijua hilo. Mashine za zamani hutumia R-22, ambayo huidhuru ozoni, lile tabaka la juu angani linalozuia miale mikali ya jua. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha kuitumia ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo kinachoruhusiwa kwa ajili ya kuhudumia mitambo iliyopo hadi 2040. Mashine zilizofuata hutumia R-410A, isiyodhuru ozoni lakini yenye nguvu ya kulipasha joto anga takriban mara 2,088 ya kabonidioksidi ya uzito uleule kwa kipimo cha miaka 100, na zile za karibuni zaidi hutumia R-32, ambayo kiwango chake ni 675. Gesi hizi mbili za mwisho zilikabiliwa katika mkutano uliofanyika Kigali, ambako tarehe 15 Oktoba 2016 yalipitishwa marekebisho ya itifaki hiyo yaliyoanza kutumika Januari 1, 2019. Nchi za Afrika Mashariki zimo katika kundi lililopaswa kusitisha ongezeko la matumizi mwaka 2024, na Oman na jirani zake wa Ghuba wamo katika kundi lililopewa hadi 2028. Maana yake kwa mwenye nyumba aliye na mashine ya R-22 ukutani ni kwamba kila kilo ya gesi anayoilipia ni ya bidhaa inayoondolewa sokoni kwa mpango, na hawezi kuiwekea mashine hiyo gesi ya aina nyingine kwa sababu tu ndiyo iliyopatikana dukani Kariakoo, kwani mafuta ya kompresa na shinikizo la mabomba hutofautiana. Uamuzi wa kuibadilisha ni wa mmiliki, na kumtoza mpangaji gharama za kuuchelewesha uamuzi huo hakuna msingi wowote.

Kabla ya kutia saini

Yote yaliyotangulia yanaweza kuandikwa katika kifungu kimoja kisicho na maneno ya kisheria, kwa mfano: mpangaji atasafisha filta angalau mara moja kila mwezi; mwenye nyumba atagharimia usafi kamili wa viyoyozi kila baada ya miezi minne, pamoja na ukarabati wa kila kasoro isiyotokana na uzembe wa mpangaji, ikiwemo upungufu wa gesi; na mpangaji atamjulisha mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi ndani ya siku tatu tangu aone maji, barafu au sauti isiyo ya kawaida. Sehemu ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Mpangaji anayeendelea kuiwasha mashine yenye barafu kwa mwezi mzima bila kutoa taarifa amevuka kutoka uchakavu wa kawaida hadi uzembe, na kompresa ikifa, sehemu ya gharama ni haki imfuate. Kuhusu umeme unaokatika na kurudi ghafla, ambao huweza kuua bodi za saketi, ni busara mkataba umtake mwenye nyumba afunge kifaa cha kulinda mashine kinachoichelewesha kuwaka kwa dakika chache, kwa kuwa kompresa ikilazimishwa kuanza upya kabla shinikizo halijatulia huumia.

Siku ya kukabidhiana funguo, kiyoyozi kiwashwe kwa muda wa robo saa na hewa ipimwe kwa kipimajoto inapoingia na inapotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 huonesha kwamba mashine ina afya, na namba hizo zikiandikwa katika orodha ya makabidhiano zitakuwa na nguvu kuliko maneno "kiyoyozi kizima" yanayoandikwa kwa kawaida. Stakabadhi za fundi zihifadhiwe, na kwa kuwa mafundi wengi wa mtaani hawana mashine ya risiti, ujumbe wa malipo ya simu wenye jina, tarehe na kiasi hutosha kuonesha kwamba kazi ililipiwa. Mgogoro ukizuka, ofisi ya serikali ya mtaa mara nyingi husuluhisha kabla ya jambo kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kenya inayo Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za nchi hiyo. Kwa bili ya fundi mmoja, hata hivyo, ni wachache wanaofika huko, na hapa desturi ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo inamuumiza mpangaji kwa njia isiyosemwa: mpangaji wa mwezi kwa mwezi anaweza kukubaliana na mwenye nyumba akate gharama ya fundi katika kodi inayofuata, lakini aliyekwisha kulipa yote hana alichobakiza mkononi cha kukata.

Baadhi ya wapangaji hulikwepa suala zima kwa kununua kiyoyozi chao na kukifunga katika nyumba isiyo nacho. Hapo matunzo yote ni yao bila ubishi, lakini huzuka swali jingine siku ya kuhama, kwa sababu kitu kilichoambatishwa na jengo huweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya jengo pasipo makubaliano. Ruhusa ya maandishi iliyotaja kwamba mashine ni ya mpangaji na ataondoka nayo humaliza jambo hilo kwa mstari mmoja. Kuondoa nako kuna adabu yake: fundi mwenye ujuzi huiwasha mashine, hufunga vali ya bomba jembamba, huiacha kompresa iivute gesi yote hadi sehemu ya nje, kisha hufunga vali ya bomba nene na ndipo akate umeme na kufungua nati, ilhali asiye na ujuzi hufungua nati moja kwa moja, gesi ikatoka kwa mlio na kupotelea hewani, na mpangaji akailipia tena aendako. Tundu la ukutani, ambalo kwa kawaida lina upana wa sentimita sita hadi saba, linapaswa kuzibwa na aliyelitoboa, isipokuwa mwenye nyumba ameshaona kwamba linaweza kumfaa. Wapo wanaomwomba mpangaji aliache wazi, liwekewe mfuniko tu, kwa kuwa wamekwisha kuamua kumtangazia mpangaji ajaye chumba chenye kiyoyozi.